Mwalimu wa Kwaya Akienda Kuketi kwa Wenzake

Barua zenu kuhusu kwaya na muziki wa ibada zinajibiwa na mwalimu wa kwaya mstaafu, Moshi.

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa kwaya kuu ya usharika mmoja wa KKKT huku Machame. Kazi yangu ya kila siku ni ufundi umeme. Tuna waimbaji thelathini na kitu, mazoezi ni Jumanne na Alhamisi jioni. Baraza la wazee limenipa likizo ya miezi mitatu na shilingi laki nane nizunguke nione kwaya nyingine zinavyofanya kazi, za makanisa na hata za wale wanaolipwa kwa kuimba. Mwenyekiti wa kwaya anataka niende moja kwa moja Dar es Salaam, kwenye kwaya zenye albamu. Usharika rafiki wa Ujerumani nao umegusia kunialika mwakani. Halafu mzee mmoja wa kanisa ameniambia waziwazi nisiende kwa Wakatoliki wala Wasabato, nisije nikaleta mageni madhabahuni. Nianzie wapi, na nikifika niangalie nini? Naogopa kurudi na video nyingi kwenye simu huku kwaya ikibaki ileile.
*Mwalimu wa kwaya, Machame*

Marahaba mwanangu. Kwanza nenda kawashukuru wazee wako tena. Nimefundisha kwaya hapa Moshi maisha yangu yote ya kazi, na sharika zinazochangishana kununua sare na spika nimeziona nyingi. Usharika unaotoa fedha ili mwalimu mwenyewe akajifunze ni wa kutafuta.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote ni hili: kila unakokwenda, omba mazoezi. Usiombe uzinduzi, usiombe tamasha, wala usipange ziara yako kwa kufuata sikukuu. Omba yale mazoezi ya katikati ya wiki, watu wametoka kazini wamechoka, soprano wawili hawajafika na mpiga kinanda amechelewa. Jumapili unakaribishwa chakula kimeshapakuliwa. Wewe umetumwa ukaone jikoni. Na ukipata nafasi, rudi kwenye kwaya hiyohiyo wiki inayofuata. Siku ya kwanza watakuonyesha nyimbo wanazozijua, kwa sababu kuna mgeni. Siku ya pili wameshakuzoea, ndipo mwalimu wao atakapotoa wimbo ambao bado haujakaa sawa. Hapo fungua daftari.

Utaangalia nini? Angalia mwalimu anafanya nini sauti ikikosewa. Kufundisha kwaya, kwa sehemu kubwa, ni hapo.

Nikupe mfano niliouona Arusha kwenye kwaya ya parokia moja. Tenori, wanaume wa sauti ya juu, walikuwa na mahali pa kutoka *t* kwenda *d*, yaani ti kwenda do katika do-re-mi, mwisho wa mstari, na kila wakifika pale ile *t* inashuka, wimbo mzima unalegea. Walimu wengi, na mimi nimo, tungewaimbia sisi wenyewe kwa sauti kubwa wafuatishe, tena na tena, mpaka watu wachoke. Yule kijana hakufungua mdomo. Aliwaambia besi, wale wanaume wa sauti nzito, washike *s*, yaani so, wasiiachie. Besi wakakaa pale, imara. Kisha akawaambia tenori waitafute *t* yao juu ya ile *s*, midomo imefungwa, wasikilize mpaka sauti mbili zitulie. Zilipotulia akainua mkono, wakaingia *d* wote pamoja, besi na tenori. Halafu akawaondoa besi, tenori wakairudia peke yao, na ilikuwa imesimama. Muda haukufika hata wa kuimba ubeti mmoja. Jioni ile ile sauti haikushuka tena, na hakuna mtu aliyekuwa ameaibishwa.

Sasa jambo kama hilo huwezi kuliona kwenye albamu. Kwenye albamu unasikia *t* iko sawa, basi. Ndiyo maana sikatai uende Dar es Salaam, ila nakataa uanzie huko. Kwaya ya Mtakatifu Kizito Makuburi, Uinjilisti Kijitonyama, AIC Chang'ombe, Wasabato wa Kurasini, zote zimeimba mpaka nchi nzima ikazijua, na mwenyekiti wako ana haki ya kuzipenda. Lakini ukifika kule ukiwa bado hujajifunza kuangalia, utashangaa vyombo na sare, utarudi na orodha ya manunuzi.

Anzia karibu. Kanisa Kuu la Kristo Mfalme hapa Moshi lina misa zaidi ya moja Jumapili, na ile ya alfajiri itakuwa imekwisha wewe ukiwahi ibada yako. Sikiliza jinsi kwaya inavyojibizana na waumini, maana misa ina majibu mengi mafupi, na mwalimu hana muda wa kutafuta sauti. Lazima ajue atoe noti gani kabla padre hajamaliza sentensi. Sisi Walutheri tunaimba nyimbo ndefu, hatulazimiki kuwa wepesi hivyo, na ni vizuri kuuona wepesi huo ukifanya kazi.

Kuhusu Wasabato, fikiria tu kalenda. Mwalimu wa kwaya wa Kilutheri hana Jumapili yake mwenyewe mwaka mzima. Jumamosi unayo. Wao wanaabudu Jumamosi, na wengi wao wanaimba bila ngoma, mara nyingi bila chombo chochote. Waimbaji wanne tu wamesimama mbele, sauti nne, hakuna kinanda cha kujifichia. Kaa benchi la mbele uangalie pumzi zao. Mara nyingi hawapumui wote pamoja. Mmoja anapumua katikati ya neno la mwenzake, mstari haukatiki. Nenda hapohapo mjini, au ukitaka wanafunzi, Chuo Kikuu cha Arusha kule Usa River ni cha Wasabato. Na ukiwa Usa River uko jirani na Makumira, ambako chuo chetu cha Tumaini kinafundisha muziki mpaka shahada. Pale utakuta jambo ninalotamani kila mwalimu wa kwaya wa Kilimanjaro alione: vijana wanaosoma noti vizuri na ambao pia wanapiga ngoma na kuicheza, bila kuona kwamba kimoja ni cha wasomi na kingine cha kijijini. Coaster ya Arusha inakushusha barabarani. Huhitaji hata kulala.

Yule mzee mwenye hofu usimdharau. Mjibu kwa heshima, lakini mkumbushe kwamba wamisionari wa Leipzig walianza kazi huko huko kwenu Machame mwaka 1893, na tuni nyingi tunazoimba katika *Mwimbieni Bwana*, kitabu chetu cha nyimbo, zilitoka Ujerumani pamoja nao. Matarumbeta yanayotuamsha asubuhi ya Pasaka nayo yalifika hivyohivyo. Usharika wako umeshapokea mengi kutoka mbali ukayafanya yake. Tena nenda na barua ya utambulisho kutoka kwa Mchungaji wako kwenda kwa Paroko au kwa mzee wa kanisa la Wasabato, nakala umpe huyo mzee aisome mwenyewe. Ikishapita mikononi mwake, itamwia vigumu kusema umetoroka.

Agosti, kama laki nane bado zinapumua, panda basi la Namanga uende Kenya. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na kwa kawaida fainali zake huangukia mwezi huo. Ni la shule na vyuo zaidi, na najua nimekwambia usifuate matamasha, lakini hili lina kitu kimoja cha pekee: majaji wanasimama mbele ya watu wote na kueleza. Kwaya hii ilikimbiza ubeti wa pili, ile ilitamka maneno vizuri lakini alto haikusikika, nyingine ilianza juu kuliko uwezo wa soprano. Umetoka kusikia wimbo kwa masikio yako, umeandika maoni yako, halafu papo hapo unamsikia mtu mzoefu akisema alichosikia yeye. Linganisha. Sijui shule nyingine ya masikio inayotoa hivyo kwa bei ya kiingilio. Na kama unataka kuona kwaya ya tamasha inayoimba bila vyombo kwa kiwango cha juu, waandikie mapema Nairobi Chamber Chorus. Usifike bila kubisha hodi.

Sasa Ujerumani. Mwaliko ukija, nenda, na uwaombe wakufikishe Leipzig. Kwenye kanisa la Mtakatifu Thomas kuna Thomanerchor, kwaya ya wavulana iliyoanza mwaka 1212. Johann Sebastian Bach ndiye aliyekuwa mwalimu wa muziki hapo tangu 1723 hadi alipofariki 1750, na kaburi lake limo mle mle kanisani. Wavulana wanaimba Ijumaa saa 12 jioni na Jumamosi saa 9 alasiri, wakati shule zimefunguliwa. Wanaimba kutoka roshani ya nyuma, kwa hiyo wewe uliyekaa chini hakuna cha kutazama, unabaki na masikio tu. Nilipelekwa mara moja na dayosisi, na kilichonigusa kilikuwa mwendo. Tuni ambazo sisi tunazikokota mpaka bibi anapumua mara mbili katika neno moja, wao walikuwa wanaziimba kama mtu anayeongea na Mungu kwa sentensi nzima. Niliporudi tulizipa mwendo. Waimbaji wazee walinung'unika Jumapili ya kwanza. Jumapili ya pili walikuwa wanaimba kwa furaha, kwa sababu pumzi ilikuwa inatosha.

Lakini hapohapo kuna hatari. Wale ni watoto wanaoishi bweni na kuimba karibu kila siku. Wewe una watu waliotoka kukata majani ya ng'ombe na kupalilia migomba, na una jioni mbili. Usirudi na kipimo cha Leipzig ukawa unawapiga nacho.

Umeuliza pia kuhusu wanaolipwa. Ni wachache duniani kuliko watu wanavyodhani, na hata walio imara hawana uhakika. BBC Singers wa Uingereza, kwaya iliyoanza 1924, walitangaziwa mwaka 2023 kwamba watafungwa. Watu zaidi ya laki moja wakatia saini kupinga na uamuzi ukasitishwa. Kwa mwalimu wa Machame, la kujifunza kwa waimbaji wa aina ile ni wanavyofika mazoezini. Mwimbaji wa kulipwa anafika noti zake anazijua. Mazoezi siyo mahali pa kujifunza sauti yako, ni mahali pa kuiunganisha na za wengine. Na kila mmoja ana penseli. Mwalimu akisema "hapa tusipumue", thelathini wanaandika, na hatalisema tena. Sisi tunasema kila Jumanne kwa miezi. Boksi mbili za penseli duka la vitabu hapa mjini hazifiki hata bei ya soda za kamati. Hilo anza nalo hata kabla hujasafiri.

Mengine nitayapitia haraka. Keti nyuma ya sauti usiyoijua. Kama wewe ni besi, kaa nyuma ya alto, usikie wimbo unavyosikika kutoka pale. Angalia robo saa ya mwanzo: wanapasha sauti vipi, na je, zoezi lile linaandaa wimbo wa siku hiyo au ni la mazoea tu? Sikiliza maneno. Kiswahili kinataka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni za Kijerumani hazikutungwa kwa ajili yetu. Neno kama *wokovu* linataka uzito kwenye *ko*, noti nzito inaangukia *wo*. Mwalimu mzuri analainisha ile noti, anaipeleka nguvu mbele. Wapo wanaofanya hivyo, watafute. Na baada ya mazoezi usiondoke na mwalimu peke yake. Kaa na mwenyekiti na mhazini, uulize watoro wanashughulikiwaje, tenori wapya wanapatikana wapi, karatasi za nyimbo zinatunzwa na nani. Nimeona kwaya zenye walimu hodari zikifa kwa sababu nyimbo zote zilikuwa kwenye mkoba wa mtu mmoja aliyehamia Dodoma.

Desemba uwe nyumbani. Nauli zinapanda, usharika wako unakuhitaji, na isitoshe Wachagga wote wanarudi mlimani. Nusu ya waimbaji uliotaka kuwafuata Dar es Salaam watakuwa wamekaa kwenye mabenchi ya Machame. Baada ya ibada wafuate pale nje, uliza nani anaimba kwaya gani. Umepata wenyeji wa safari ya Januari.

Mama, naomba kuuliza. Nikienda kuangalia kwaya nyingine, je, ni sawa kurekodi mazoezi yao kwa simu? Na wimbo mpya nikiupenda, naweza kuwafundisha vijana wangu?
*Mwalimu wa vijana, Sakina, Arusha*

Omba kwanza, na ukikubaliwa rekodi sauti tu, siyo picha. Mtu anayefanya mazoezi ana haki ya kukosea bila kuonekana kwenye simu za mtaa wa pili. Zaidi ya hapo, simu ikiwa mkononi masikio yanalala, kwa sababu unajiambia utasikiliza baadaye. Baadaye hiyo haifiki. Andika kwa mkono, na usiku uleule, kabla hujalala, andika tena kwa ufupi: nini kilikosewa, mwalimu alifanya nini, ilichukua muda gani, ikakaa au haikukaa.

Wimbo ni jambo jingine kabisa. Tungo ina mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ipo kwa ajili hiyo, na kuwa wimbo wa kanisani hakumwondolei mtunzi haki yake. Muulize mwalimu nani alitunga, umpigie mtunzi. Watunzi wetu wengi wanafurahi mno kuombwa, na atakutumia noti zilizo sahihi, badala ya wewe kuchota kwa sikio sauti ya tatu iliyokosewa jioni ile. Ukitaka kuurekodi na kuuza, hapo mwandikiane kabisa.

Shikamoo Mama. Mimi ni soprano katika kwaya ya usharika hapa Majengo. Mwalimu wetu alisafiri kuangalia kwaya nyingine, amerudi amebadilisha kila kitu kwa mkupuo. Tumepangwa upya tunavyosimama, ngoma imewekwa kando, tunapashwa sauti nusu saa nzima, na kila mara tunaambiwa "kule nilikokwenda". Alto watatu wameacha kuja. Tunampenda mwalimu wetu. Tufanye nini?
*Soprano, Majengo, Moshi*

Marahaba binti yangu. Nimefurahi umeandika "tunampenda", kwa sababu hapo ndipo pa kushika.

Mwelewe kwanza. Ameona mambo mazuri na anaogopa yatayeyuka asipoyaweka kazini haraka. Lakini kwaya haibadiliki kwa tangazo. Badiliko moja linahitaji muda mpaka waimbaji walizoee bila kulifikiria, ndipo lije la pili. Na kuipangua kwaya inavyosimama siyo jambo dogo kama linavyoonekana: mwimbaji wa kanisani huwa anaimba kwa kumsikiliza jirani yake wa miaka yote, ukimhamisha umemwondolea noti zake. Inaweza kuwa na faida, ndiyo, hasa ukiwachanganya wale wanaoegemea wenzao, ila awaeleze sababu, na aanze na wimbo mmoja mnaoujua sana.

Kuhusu ngoma nina msimamo mkali. Kuimba bila ngoma kwa muda mnapojifunza wimbo ni sawa kabisa, mnasikia makosa yenu. Kuiondoa kwa kuwa kule alikokwenda haikuwapo, hapana. Kule walikuwa na ibada yao na watu wao.

Msimwendee kundi zima. Mwende wewe na mwenyekiti, nyumbani kwake, siyo mazoezini. Mwombe jambo moja tu: ile jioni ya mazoezi ijayo asimulie alichoona, kwa kituo, kama anavyosimulia msafiri, na waimbaji waulize. Nusu ya uchungu wenu, nahisi, ni kwamba mmeletewa majibu ya safari ambayo hamkuisikia. Hao alto watatu wafuateni majumbani kabla ya siku hiyo, wawepo.

Na safari nyingine asiende peke yake. Achukue alto mmoja, besi mmoja na yule kijana anayepiga ngoma. Kamati ikisema hela hakuna, waambie waanze na Makumira, nauli ya Coaster tu, waondoke baada ya chakula cha mchana na warudi usiku uleule.